Neno la Madhabahu katika Lugha ya Mtaa: 'Stear', Shahamu na Mafuta Mashariki ya Nairobi

1.0 Utangulizi

Mwenyeji wa mtaa wa Jericho au wa Jerusalem, mashariki ya jiji la Nairobi, afunguapo Biblia ya Kiswahili katika kitabu cha Mambo ya Walawi hukutana na neno 'mafuta' katika sura mbili zinazofuatana. Katika sura ya pili mafuta humiminwa juu ya unga wa sadaka, na sehemu inayosalia huwa chakula cha makuhani. Katika sura ya tatu mafuta huondolewa matumboni na figoni mwa mnyama, huteketezwa madhabahuni, na sura inapokwisha Waisraeli hukatazwa kuyala milele. Msomaji asiye na kitabu kingine cha kumsaidia ana haki ya kuuliza imekuwaje kitu kilekile kiliwe katika ukurasa mmoja na kiharamishwe katika ukurasa unaofuata. Jibu ni kwamba hakikuwa kitu kilekile. Kiebrania kina 'shemen' kwa mafuta ya zeituni na 'heleb' kwa mafuta ya mnyama. Kiyunani kina 'elaion' na 'stear'. Kiswahili cha Biblia kimeviweka vitu hivi viwili chini ya jina moja.

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya neno 'stear' katika maandiko ya dini, na kisha kuangalia jinsi mzigo wa maana yake ulivyogawanywa katika Kiswahili, hususan Kiswahili kinachosomwa na kuzungumzwa katika mitaa ya Eastlands. Hoja inayotetewa ni kwamba suala la mafuta si la kamusi peke yake. Ni suala la nani anastahili kula sehemu iliyo bora, na kwa sababu hiyo ni suala la haki. Mfasiri akilififisha neno, humnyima msomaji nafasi ya kuliona suala hilo.

2.0 'Stear' katika Kiyunani

Kabla halijafika madhabahuni, 'stear' lilikuwa neno la kazi. Katika utenzi wa Homer unaoitwa Odyssey, kitabu cha 21, wachumba wa Penelope wanaposhindwa kuupinda upinde wa Odysseus, huagiza bonge kubwa la 'stear' ili waupashe moto upinde huo na kuulainisha. Hapo neno halina utukufu wowote. Ni mafuta ya kulainishia chombo, kama yale yanayotumiwa na fundi katika karakana.

Utenzi wa Kiyunani ulikuwa na maneno mengine kwa mafuta ya sadaka. Lilikuwepo 'knise', lililotaja mafuta yaliyofungwa juu ya mifupa ya mapaja, na pia moshi wa harufu nzuri uliopanda kwa miungu. Lilikuwepo pia 'demos', ambalo kwa kubadilika mkazo tu hutofautiana na neno lenye maana ya watu au umma. Hesiod, katika Theogony, anasimulia jinsi Prometheus alivyoifunika mifupa mitupu kwa mafuta meupe akampa Zeus achague, na nyama nzuri akawawekea wanadamu. Katika masimulizi hayo mafuta ni kifuniko cha hila: yanang'aa nje, na ndani hamna kitu. Wayunani walijua, basi, kwamba ugawaji wa mnyama wa sadaka ni mahali ambapo ulafi na udanganyifu hujidhihirisha.

Aristotle aliliwekea neno hili mipaka iliyo wazi zaidi. Katika maandishi yake kuhusu wanyama alitofautisha 'pimele' na 'stear'. 'Pimele' ni mafuta laini yasiyoganda, kama ya nguruwe. 'Stear' ni mafuta magumu yanayoganda yapoapo na kuvunjika kwa urahisi, nayo hupatikana kwa wanyama wenye pembe wanaocheua. Tofauti hii ina umuhimu mkubwa katika historia ya tafsiri. Wayahudi wa Aleksandria walipoanza kuifasiri Torati kwa Kiyunani katika karne ya tatu kabla ya Kristo, katika tafsiri ijulikanayo kama Septuaginta, walilipa neno 'heleb' la Kiebrania jina la 'stear'. Ng'ombe, kondoo na mbuzi, ambao mafuta yao Mambo ya Walawi 7 inakataza yasiliwe, wote huingia katika kundi la wanyama wanaocheua. Neno la fundi na la mtaalamu wa wanyama lilifaa kuliko maneno ya watenzi, kwa kuwa halikuwa limefungamana sana na madhabahu za miungu mingine. Hata sura hiyo ya Walawi yenyewe haikuusahau ule utumizi wa zamani: mafuta ya mnyama aliyekufa mwenyewe yaruhusiwa kwa kazi yoyote, mradi yasiliwe.

Kutoka hapo 'stear' lilipanuka. Kwa kuwa 'heleb' lilimaanisha pia sehemu iliyo bora ya kitu chochote, Septuaginta ilikubali kutaja hata 'stear' ya ngano, katika Zaburi ya 81 na ya 147. Katika Zaburi ya 63 nafsi hushiba 'stear' na unono. Katika Zaburi ya 73 udhalimu wa wakwasi hutoka kana kwamba watiririka katika mafuta yao. Neno moja lilibeba sadaka, baraka na shutuma.

Aidha, wafasiri wa Aleksandria walikuwa na mipaka yao, na mifano miwili yatosha kuidhihirisha. Katika Zaburi ya 119, aya ya 70, Kiebrania hulinganisha mioyo ya wenye kiburi na 'heleb'. Herufi za konsonanti za 'heleb' ni zilezile za 'halab', yaani maziwa, na maandishi ya kale hayakuwa na alama za irabu. Mfasiri wa Kiyunani akasoma maziwa, na mioyo ya wenye kiburi ikaganda kama jibini. Mfano wa pili ni Walawi 3:9, ambapo Kiebrania hutaja mkia wa kondoo wenye mafuta. Kiyunani kikaandika 'osphys', yaani kiuno. Kondoo wa mkia mnene hakuwa mnyama wa kawaida kwa Wayunani. Herodotus, katika kitabu cha tatu cha historia yake, aliwataja kondoo wa namna hiyo wa Uarabuni kama kioja, akisimulia kwamba wachungaji huwaundia vigari vya kuibebea mikia yao.

3.0 Kiswahili na ugawaji wa maana

Kiswahili hakikuirithi Septuaginta moja kwa moja. Hata hivyo, kuna mfanano wa kihistoria usiofaa kupuuzwa. Septuaginta ilizaliwa katika mji wa bandari, miongoni mwa jamii ya wahamiaji ambao watoto wao walizidi kuifahamu lugha ya mawasiliano mapana kuliko lugha ya mababu. Biblia ya Kiswahili nayo ilizaliwa pwani. Johann Ludwig Krapf alianza kuifasiri Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844. Edward Steere na wenzake walifanya kazi yao Unguja, na Agano Jipya lao likatimia mwaka 1879. Biblia nzima ya Kimvita ilitoka mwaka 1914. Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilikamilika mwaka 1937, alijulikana kwa kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Biblia ya Muungano, iliyokusudiwa kuwaunganisha wasomaji wa lahaja mbalimbali, ilitolewa mwaka 1952. Habari Njema, iliyotayarishwa kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, ilikamilika katika miaka ya 1990.

Wafasiri hawa walikuwa na akiba ya maneno matatu. La kwanza ni 'mafuta', neno la Kibantu lenye ndugu kama 'maguta' ya Kikikuyu na 'mauta' ya Kikamba. Upana wake ni mkubwa mno: hutaja mafuta ya mnyama, ya mbegu, ya kujipaka, ya taa na ya gari. La pili ni 'shahamu', kutoka Kiarabu 'shahm', ambalo maana yake ni finyu na barabara: mafuta ya mnyama. La tatu si nomino bali ni kitenzi, 'kunona', pamoja na vizazi vyake 'unono' na 'vinono'.

Ukiisoma Biblia ya Muungano kwa makini, utaona kwamba 'heleb', ambalo Septuaginta ililipa aghalabu jina moja, limegawanywa baina ya maneno haya. Madhabahuni ni mafuta. Habili alipoleta sadaka yake katika Mwanzo 4, zilikuwa sehemu zilizonona. Ngano ina unono. Moyo wa mwenye kiburi katika Zaburi ya 119 umepewa shahamu. Mgawanyo huu una faida na hasara. Faida yake ni kwamba kila mahali Kiswahili kinasikika vyema; hapana Mswahili angeifahamu 'shahamu ya ngano'. Hasara yake ni kwamba uzi ulioziunganisha sehemu hizo umekatika. Msomaji wa Kiyunani aliweza kuona kwamba kile kilichoteketezwa kwa ajili ya Mungu ndicho kilichomvimbisha mdhalimu. Msomaji wa Kiswahili huona mafuta hapa, unono pale, na shahamu kwingine, bila dalili ya kwamba asili yao ni moja.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba palipo na mkia wa kondoo Kiswahili kimeikaribia asili kuliko Kiyunani. Biblia ya Muungano hutaja mkia wa mafuta bila tatizo, kwa kuwa kondoo wa Afrika Mashariki, awe wa Kimasai au wa kutoka kaskazini mwa Kenya, ana mafuta mkiani au matakoni. Kilichokuwa kioja kwa Herodotus ni bidhaa ya kila siku sokoni Kiamaiko, ambako mbuzi na kondoo wa kutoka kaskazini huchinjwa na kuuzwa.

4.0 Mafuta katika mitaa ya Eastlands

Mitaa ya mashariki ya Nairobi ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika: Pumwani tangu miaka ya 1920, Kaloleni katika miaka ya 1940, na mingineyo baadaye. Majina ya mitaa hiyo yenyewe ni historia. Kariokor ni kumbukumbu ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na soko la Burma ni kumbukumbu ya askari wa Vita vya Pili. Jericho na Jerusalem ziko katika ramani moja na hizo. Wakazi walikuja na lugha zao, na kila lugha ilikuja na mafuta yake. Mkikuyu alikuja na 'maguta', na kumbukumbu ya kondoo aliyechinjwa chini ya mugumo. Mjaluo alikuja na 'mo'. Mwislamu wa Pumwani alikuja na Kiswahili chenye Kiarabu ndani yake, na Kurani ambayo katika sura ya sita, aya ya 146, huitaja marufuku ya shahamu waliyowekewa Mayahudi, pamoja na sehemu zilizotolewa katika marufuku hiyo.

Jambo hili la mwisho lastahili kutiliwa mkazo. Kurani hutumia wingi wa neno lilelile la Kiarabu lililokipa Kiswahili 'shahamu'. Tafsiri za Kurani kwa Kiswahili zina uhusiano wa karibu na Nairobi: ile ya Ahmadiyya ilichapishwa humo mwaka 1953, na ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilichapishwa humo mwaka 1969. Kwa hiyo katika Pumwani, msikitini na kanisani, watu wa dini mbili wamekuwa wakisoma habari ya katazo lilelile la kale. Mmoja hulifikia kupitia neno lililo finyu na lililo wazi katika lugha ya kitabu chake, na mwingine hulifikia kupitia neno pana lisiloweka mpaka. Jirani wa Kiislamu angeweza kumfafanulia jirani wa Kikristo fumbo la Walawi 3 kwa neno moja tu.

Lakini neno hilo ni nadra kusikika mitaani. Katika lugha ya duka na ya jikoni, 'mafuta' hupata maana kutokana na mahali yanapotajwa. Katika nyumba isiyo na umeme, mtoto akitumwa mafuta na chupa mkononi, aghalabu ametumwa mafuta ya taa. Kinyozi akiyataja, ni ya kupaka. Kwa mchinjaji, mnunuzi husema atiliwe kipande chenye mafuta au kisicho na mafuta, na hapo tu ndipo maana ya 'stear' hurudi. Katika makanisa ya kiroho yaliyoenea Eastlands, 'mafuta' ni yale ya upako, yanayomiminwa juu ya kichwa cha mgonjwa au cha mwenye haja. Maana hii ya mwisho ndiyo iliyotawala mimbari. Mhubiri anapozungumzia mafuta ya madhabahu, msikilizaji huwa tayari ameshaiona chupa ya mafuta ya zeituni. Kitu ambacho mwanadamu alikiondoa kwake akampa Mungu hugeuka kuwa kitu ambacho mwanadamu hupokea. Mwelekeo wa sadaka hupinduka, na sababu ya mpinduko huo, kwa sehemu, ni neno.

Kuna pia mafuta ya kiwandani. Katika Eneo la Viwanda, jirani ya mitaa hii, East African Industries ilitengeneza Kimbo, na mafuta ya kupikia yaliyogandishwa yakawa chakula cha kila nyumba. Bati lake la kilo mbili, likiwa tupu, likawa gorogoro, kipimo cha mahindi na maharagwe sokoni. Hapa historia ina kinaya chake. Mwanakemia Mfaransa Michel Chevreul, aliyechunguza mafuta ya wanyama mwanzoni mwa karne ya 19, alitumia neno la Kiyunani 'stear' kuipa jina stearini, na asidi ya steariki ikapata jina lake kutoka asili hiyohiyo. Asidi hiyo ni mojawapo ya vitu vinavyoyafanya mafuta yagande. Neno la madhabahu ya Septuaginta, ambalo halikuingia katika Biblia ya Kiswahili, limeingia katika mitaala ya kemia ya shule za Eastlands kwa mlango wa nyuma.

5.0 Mafuta, ulafi na haki

Katika Samweli wa Kwanza, sura ya pili, wana wa kuhani Eli wanatuhumiwa kosa linaloeleweka na mkazi yeyote wa mtaa wa wafanyakazi. Kabla mafuta hayajateketezwa, mtumishi wao huja na kudai nyama mbichi. Mleta sadaka husihi mafuta yateketezwe kwanza. Mtumishi hutisha kuichukua kwa nguvu. Kisa hiki hakihusu utaratibu wa ibada tu. Mafuta yalikuwa sehemu ambayo hapana mtu, hata awe na cheo gani, aliyeruhusiwa kujitwalia. Alipoyaruka mafuta na kuikimbilia nyama, mwenye cheo alitangaza kwamba hapana kilicho juu yake. Baadaye katika sura hiyo Mungu humlaumu Eli kwa kujinenepesha yeye na wanawe kwa sadaka za watu. Uhusiano wa mafuta ya mnyama na unene wa kiongozi umewekwa wazi.

Sura ya 15 ya kitabu hichohicho husema kwamba utii wapita mafuta ya kondoo dume. Septuaginta huandika 'stear' ya kondoo dume. Biblia ya Muungano huandika mafuta ya beberu. Mwaka 1952 'beberu' aliyetajwa alikuwa mbuzi dume, na hitilafu ilikuwa ya mnyama tu. Katika miaka ya 1960 na 1970 lugha ya siasa ya Afrika Mashariki ilimfanya 'beberu' kuwa mkoloni na mnyonyaji. Bila mfasiri kugusa herufi hata moja, aya ilipata maana ambayo haikukusudiwa na ambayo hata hivyo inaafiki vizuri mkondo wa sura yenyewe, kwani Sauli alilaumiwa kwa kuhifadhi mateka manono kwa kisingizio cha ibada. Huu ni mfano bora wa jinsi matini husomwa upya na historia ya wasomaji wake.

Fasihi ya Kenya imeutumia uwanja huu wa maana mara nyingi. Katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka kwa Kikikuyu mwaka 1980 na kufasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani, washindani wa wizi hujitokeza na matumbo yao makubwa kama vyeti vya ustadi. Wahakiki wamezoea kuielezea taswira hiyo kwa nadharia ya matabaka, na maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo, ni pungufu yasipozingatia kwamba riwaya yenyewe imejengwa juu ya msingi wa Biblia, na kwamba katika Zaburi ya 73 mdhalimu ametambuliwa kwa mafuta yake tangu zamani. Kitambi katika fasihi ya Kiswahili kina nasaba mbili: moja ni ya uchumi wa kisiasa, na ya pili ni ya madhabahu.

6.0 Hitimisho

Yaliyojadiliwa yanaonyesha kwamba 'stear' lilikuwa neno la kazi lililoinuliwa hadi madhabahuni na wafasiri wa mji wa wahamiaji, na kwamba Kiswahili, lugha ya miji mingine ya wahamiaji, kiliigawa maana yake baina ya mafuta, shahamu na unono. Wapo watakaosema kwamba 'shahamu' lirudishwe kila mahali. Maoni hayo hayafai, kwa kuwa sheria inayohusu chakula haina budi kueleweka na yule anayekula, na wengi Eastlands hawalifahamu neno hilo. Katika Walawi 3 na 7 maneno 'mafuta ya mnyama' yangetosha kuondoa utata, bila kumpeleka msomaji kwenye kamusi. Katika ushairi wa Zaburi, ambapo taswira ndiyo yenye uzito, 'shahamu' lingefaa kutumiwa kwa upana zaidi, na walimu wa fasihi wana wajibu wa kulifufua darasani.

Mswahili husema ng'ombe haelemewi na nunduye. Wingi wa maana za 'mafuta' ni nundu ya Kiswahili, na lugha haijaelemewa nayo. Anayeweza kuelemewa ni msomaji wa mtaa wa Jerusalem, asiyeambiwa kwamba katika Jerusalem ile nyingine palikuwa na sehemu ya nyama ambayo hata mkubwa hakuruhusiwa kuila.